Mtu wa Tuktuk na Majitu 16

Siku tulipopiga kura ya nani aandike mchezo wetu mpya, kura 7 zilimwendea mtu ambaye Kisumu inamjua kwa jambo moja: klipu za dereva wa tuktuk anayezozana na abiria juu ya shilingi kumi, kuanzia Kondele hadi Kibuye, na hafiki. Sisi wanne tulikataa. Mimi nilikataa kwa sauti kuliko wenzangu, nikataka maneno yangu yaandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu za kikundi. Yakaandikwa. Nakieleza kisa hiki chote kwa sababu shaka zangu zilikuwa na ukweli ndani yake, lakini ukweli huo ulikaa mahali pengine kabisa, si pale nilipokuwa nikinyoosha kidole.

Tuko watu 11. Tunafanya mazoezi wikendi katika darasa la chekechea huko Manyatta, viti vidogo vikisukumwa ukutani, picha za twiga na mamba zikitutazama. Kazi yetu ya kawaida ni sigana, yaani ngano za Kiluo, za jukwaani: mama mmoja mtambaji, nyatiti (ala ya nyuzi ya Waluo), na shuka jeupe lenye taa nyuma yake kwa ajili ya vivuli. Mimi ni mwalimu wa fasihi, na kikundini nasimamia jukwaa. Wazo la kuigiza gemu lilitoka kwa kijana wetu wa taa. Alisema kuna gemu moja ambayo tayari ni sigana, ila wachezaji wake hawajui jina la kuiita.

Gemu yenyewe ni Shadow of the Colossus. Ilitoka mwaka 2005 kwa PlayStation 2, kazi ya timu ya Kijapani iliyoongozwa na Fumito Ueda, na mwaka 2018 ikatengenezwa upya kwa PlayStation 4. Kijana aitwaye Wander anavuka daraja refu juu ya farasi, amebeba maiti ya msichana, Mono, ambaye alitolewa kafara kwa kudhaniwa ana majaliwa mabaya. Anaingia nchi iliyokatazwa. Anamlaza msichana juu ya madhabahu, na sauti inayoitwa Dormin inamwambia kwamba huenda akafufuka, lakini kwanza ayaue majitu 16 yanayoishi humo, na kwamba gharama yake inaweza kuwa nzito. Kijana anajibu kuwa hajali.

Basi. Hakuna kijiji, hakuna duka, hakuna adui wadogo wa kupigwa njiani ili mkono uchangamke. Kuna nyika, upepo, farasi anayeitwa Agro, na upanga ambao ukiuinua juani miale yake inakusanyika na kuelekea liliko jitu linalofuata. Unaenda. Unalipanda jitu kwa kushika manyoya yake huku likijitikisa na nguvu za mkono wako zikipungua. Unatafuta alama inayong'aa mwilini mwake, unachoma. Na hapo ndipo gemu hii inapokugeuka. Muziki wa Kow Otani, ambao ulikuwa wa ushindi ulipokuwa unapanda, unakuwa wa msiba. Jitu linaanguka polepole, kama mti mkubwa. Kamba nyeusi zinatoka kwenye mwili wake na kuingia mwilini mwa Wander, anazimia, anazinduka hekaluni, na sanamu moja kati ya 16 inapasuka. Halafu unatumwa tena. Jitu la 13 ni refu kama joka, linaelea juu ya jangwa, na halikushambulii hata mara moja. Nalo lazima ulichome.

Kwa hiyo uzito wa gemu hii hauko kwenye maneno, kwa maana maneno ni machache mno. Uko mikononi mwa anayecheza. Hakuna aliyekuonyesha mtu mwingine akikosea: wewe ndiye uliyebonyeza. Katika vibanda vya gemu vya Kondele vijana hulipia mechi za mpira, wakasukumana mabega na kutaniana. Gemu ya kupanda farasi peke yako nyikani dakika kumi bila kusemeshwa hailipiwi na mtu. Filamu yake ilitangazwa tangu mwaka 2009 na hadi leo hatujaiona, na mimi sishangai. Utaitoaje mikononi mwa mchezaji ukaiweka mbele ya mtu aliyekaa tu?

Hilo ndilo swali tulilomkabidhi mtu wa tuktuk.

Nilichokihofia

Hofu ya kwanza ilikuwa uso wake. Uso wake tayari ni kichekesho. Akipita Oginga Odinga Street watoto wanamfuata wakiiga sauti yake, na akina mama wa samaki wanamwuliza nauli. Mtu kama huyo akisimama amebeba maiti, watu watasubiri maiti iamke idai chenji.

Hofu ya pili ilikuwa ukimya. Kazi yake ni klipu za dakika moja. Katika kazi hiyo sekunde tatu zikipita bila jambo, kidole cha mtazamaji kimeshasonga mbele. Nilijiuliza mtu aliyezoea kuuogopa ukimya ataishi vipi katika kisa ambacho nusu yake ni ukimya.

Ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi, na bado naiona kuwa hofu halali kwa mchekeshaji yeyote anayeingia katika kisa cha ajabu. Ulimwengu wa majitu na sauti za hekaluni unasimama kwa imani tu. Hauna nguzo nyingine. Mtu mmoja aliye ndani yake akiwakonyeza watazamaji, kana kwamba anawaambia "mimi na nyinyi tunajua huu ni upuuzi," umekwisha. Hauwezi kuinuliwa tena usiku huo. Na kukonyeza ndiyo riziki ya wachekeshaji wengi wa leo. Nimewaona wakiharibu hata ngano za Sungura na Fisi kwa namna hiyo, mbele ya watoto waliokuwa tayari kuamini.

Kijana wa taa alinijibu kwa mfano wa Craig Mazin. Huyo ni Mmarekani aliyeshiriki kuandika Scary Movie 3 na 4, filamu za kudhihaki filamu nyingine, kisha The Hangover ya pili mwaka 2011 na ya tatu mwaka 2013. Mwaka 2019 akaandika Chernobyl, vipindi vitano juu ya mlipuko wa kinu cha nyuklia wa mwaka 1986, na dunia ikakaa kimya ikitazama. Mwaka 2023 ikatoka tamthilia ya The Last of Us, iliyotokana na gemu ya mwaka 2013, gemu yenye huzuni kubwa.

Ni mfano mzuri. Lakini nilimwambia atazame vizuri. Kati ya vichekesho na gemu ile palikuwa na Chernobyl. Mtu yule hakuruka, alipanda ngazi. Na alipofika kwenye gemu, Neil Druckmann, aliyeiandika gemu yenyewe, alikuwa kando yake kama mtungaji mwenza. Nikauliza: sisi tuna nani wa kukaa kando ya mtu wa tuktuk?

"Wewe, mwalimu," akasema mama mtambaji.

Ikawa hivyo. Nilipewa kazi ya kukaa kando ya mtu niliyempigia kura ya hapana.

Nakiri kwamba usiku ule, nikiwa njiani kuelekea nyumbani, nilimkumbuka Francis Imbuga nikaona aibu. Mimi nimefundisha Betrayal in the City kwa miaka. Imbuga, mtoto wa Vihiga, aliutoa mchezo huo mwaka 1976, na ndani yake kuna Mulili, mtu mwenye methali zilizogeuzwa kichwa chini miguu juu. Darasa langu humcheka Mulili kila mwaka. Halafu mwongo huyo huyo anampelekea mkubwa wake maneno juu ya Kabito, Kabito anauawa, na darasa linabaki na kicheko kisicho na pa kwenda. Mulili angekuwa katili wa kawaida tungemwogopa tangu mwanzo, na asingetutisha hivyo. Nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi jambo hili ubaoni, na nilikuwa siliamini katika kikundi changu mwenyewe.

Wahome Mutahi naye. Nchi nzima ilisoma safu yake ya Whispers gazetini ikicheka, na mtu huyo huyo, baada ya kuwekwa kizuizini mwaka 1986, aliandika riwaya ya mateso ya wafungwa. Kenya haijawahi kukosa wachekeshaji wanaojua giza. Tulichokosa sisi ni subira ya kuwangoja wafike huko.

Kurasa 42

Baada ya wiki tatu alileta mswada. Kurasa 42, zimechapwa vizuri, na hakukuwa na kichekesho hata kimoja. Wander alihutubia. Jitu la kwanza lilihutubia kabla ya kufa na la pili likahutubia baada ya kufa. Dormin alizungumza kama mhubiri wa mkutano wa injili. Kulikuwa na mistari ya namna hii: "Ewe mauti, mlango usio na bawaba, ni nani aliyekukabidhi ufunguo wa mpenzi wangu?" Sababu za Wander kumpenda Mono zilielezwa kwa kurasa sita, ilhali gemu haisemi hata sentensi moja juu ya hilo, na kutosema huko ndiko kunakomfanya kila mchezaji aweke pale mtu wake mwenyewe.

La kusikitisha ni kwamba mimi nilifurahi. Nilisoma kurasa kumi za kwanza nikaona nimeshinda: mtu amekuwa makini. Ni mama mtambaji aliyeziweka kurasa chini, akavua miwani, akasema, "Huyu aliyeandika hapa mimi simjui."

Mchekeshaji hakuinua macho. "Mwalimu, mlisema nisichekeshe," akasema. "Nimetii."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko jambo lolote katika kisa hiki. Shaka yetu haikuwa imekaa pembeni ikingoja kuona kama kazi itakuwa nzuri au mbaya. Ilikuwa imeingia ndani ya kazi. Mtu aliyeambiwa mbele ya wenzake kwamba yeye ni wa vichekesho tu, atakapopewa jambo zito atalivisha joho, kilemba na viatu vya ngozi ili mtu asimcheke. Ataandika lugha ambayo hajawahi kuizungumza. Kila penye ukimya atapajaza maneno, kwa sababu maneno makubwa ni ushahidi kwamba alikuwa makini. Nilihofia kwamba angeujaza ukimya kwa mizaha. Aliujaza kwa mahubiri, na aliyemtia hofu hiyo ni mimi.

Mswada ule ulikuwa umekufa, na hatukujua la kufanya nao. Tuliusoma kwa sauti Jumamosi mbili. Kijana wa taa alisinzia.

Mtoto wa mlinzi

Jumapili moja mvua ilinyesha, stima ikapotea, tukakwama darasani. Watoto wawili wa mlinzi walikuwa wamejikinga humo pamoja nasi, mmoja kama miaka minane, mwingine mitano. Mchekeshaji akaanza kuwaonyesha kile kinachotokea katika gemu jitu likishakufa. Ukicheza unaweza kujaribu kuzikimbia zile kamba nyeusi. Kidude cha kuongozea bado kiko mkononi mwako, Wander bado anakutii, na kila mchezaji hukimbia. Zinamfikia kila mara.

Alijifanya Wander, na kamba ilikuwa leso nyeusi mkononi mwa binti yetu wa nyatiti. Mara ya kwanza alikimbia kwa magoti juu, leso ikamgusa, akaanguka chali. Watoto wakacheka. Mara ya pili alijificha nyuma ya kiti cha chekechea ambacho hakikuficha hata goti lake. Wakacheka zaidi. Mara ya tatu alijilaza akajifanya amekwisha kufa, akifungua jicho moja kuona kama leso imemwamini. Ya nne alijaribu kuisemesha leso, akaipa bei. Wakaanguka wakicheka. Ya tano, ya sita: alikuwa amechoka kweli, pumzi zinasikika, anakimbia hatua tatu tu. Kicheko kikapungua. Ya saba alipiga hatua moja.

Ya nane hakukimbia. Alisimama akiitazama leso ikija.

Yule mdogo akapiga kelele, "Kimbia!" Hakukimbia. Mtoto akamgeukia dada yake, sauti imebadilika, akauliza, "Mbona hakimbii?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati na hakuna aliyemjibu.

Baadaye nilimwuliza mchekeshaji kama alikuwa amepanga. Akaniambia hakupanga ila anaijua njia hiyo, kila mtu wa kazi yake anaijua. "Mwalimu, kitu ukikirudia mara tatu kinachekesha. Mara ya tano kinachosha. Ukithubutu kukifikisha mara ya nane kinaogopesha. Sisi wa klipu tunakatia ya tatu kwa sababu muda wetu ni dakika moja."

Hapo nikaelewa ni nini tulichokuwa nacho na hatukukiona. Gemu hii imejengwa juu ya kurudia. Nenda, panda, choma, anguka, zinduka, nenda. Mara 16. Mwandishi wa tamthilia nzito angelikimbia jambo hilo, kwa kuwa tumefundishwa kwamba kurudia ni udhaifu wa muundo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimependekeza tubakize majitu matano. Katika kikundi chetu alikuwepo mtu mmoja tu ambaye kurudia ndiyo fani yake, anayejua kwa mwili wake jambo lile lile linabadilika maana mara ya ngapi. Na tulikuwa tumemwomba aache fani hiyo mlangoni kabla hajaingia.

Mama mtambaji hakushangaa kama mimi. Alisema katika siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto walilala wakisimuliwa, jitu la hadithi lilikuwa linakuja mlangoni mara nyingi, na mara za mwanzo watoto wote hulicheka. Akanikumbusha pia watani wa Tanzania: mtani anakwenda kwenye msiba kutania, anaiga mwendo wa marehemu, anacheza na huzuni ya watu, na hafukuzwi, kwa kuwa kila mtu pale anajua naye amekuja kuzika.

Mswada wa pili na usiku wenyewe

Kurasa 42 zikawa 11. Wander alibaki na sentensi tisa. Majitu yalikuwa vivuli kwenye shuka, na kila moja lilipokufa, leso nyeusi ilitoka nyuma ya shuka. Farasi walikuwa watu wawili ndani ya gunia la makaa, na mchekeshaji aliandika kwamba farasi huyo asitii amri ya kwanza hata siku moja. Nilidhani ni mzaha wake. Akaniwekea gemu, nikaona ni kweli: Agro haendeshwi kama gari, unamwambia na yeye anaamua, na ukimpeleka ukingoni mwa genge anasita. Watu walimpenda farasi yule kwa ukaidi wake. Daraja lilipokatika kabla ya jitu la 16, akamrusha bwana wake upande wa salama na kuanguka mwenyewe, na mtu mmoja safu ya nyuma akasema "Uuwi" kwa sauti ya matanga.

Lakini nimetangulia mambo. Tuliwaalika watu 40. Hatukuuza tiketi na tuliomba simu zizimwe, kwa kuwa mweka hazina wetu alitusomea Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001: haki ya kugeuza kazi ya mtu kuwa kazi nyingine ni ya mwenyewe, na sisi hatukuwa na ruhusa ya mwenyewe. Kwa hiyo tuliichukua kama somo la kikundi, mara moja, ndani ya darasa, na isitoke hapo.

Na hapa ndipo hofu yangu ya kwanza ilipothibitika. Mchekeshaji alitokea amembeba binti wa nyatiti mikononi kama maiti, na darasa zima likalipuka. Kijana mmoja akapaza sauti, "Kondele ni ngapi?" Kicheko kikazaa kicheko. Nilikuwa nyuma ya shuka nimeshika taa, moyo unanidunda, nikingoja kitu kimoja tu: je, atawakonyeza? Ilikuwa rahisi mno. Neno moja la tuktuk na angewapata wote, nasi tungekuwa tumekwisha.

Alisimama. Hakukunja uso kuwakemea, hakuongeza huzuni, hakufanya lolote. Mikono yake ilianza kutetemeka kwa uzito wa yule binti, na bado akasimama, mpaka waliokuwa wakicheka wakaanza kuona kwamba anatetemeka. Nilijua wakati ule kwamba nilikuwa nimekosea kuhusu ukimya. Mchekeshaji anayejua kazi yake haogopi ukimya; anaupima. Kila kicheko alichowahi kukipata kilikuja baada ya kituo ambacho alikihesabu.

Hata hivyo majitu mawili ya kwanza yalipotea. Watu waliyatazama wakiwa bado wanamngoja dereva, na sehemu hiyo ya kazi haikuokoka. Hilo si kosa lake wala halirekebishiki kwa mazoezi: uso uliokwisha kuwa wa watu ni mali yao, watautumia wapendavyo kwa dakika za mwanzo. Kama tungefanya tena ningemweka ndani ya gunia la farasi mpaka jitu la tatu.

Kutoka la tatu hadi la tano walicheka tulipotaka wacheke, wakati wa kukimbia. La sita wakacheka wachache. La nane akasimama, leso ikaja, na darasa la chekechea lilikuwa kimya kama kanisa kabla ya sadaka. Jitu la 13 lilikuwa shuka refu jeupe lililobebwa na watu watatu juu ya vichwa vya watazamaji, polepole, likiwagusa nywele. Wander alisimama na upinde wake. Nilipima kwa saa: dakika mbili bila neno. Mama mmoja mbele akamwambia kwa upole kabisa, kama anavyosemeshwa mtoto, "Liache tu, baba. Liache."

Hakuliacha. Huyo mama hakuwa na kidude mkononi, hakubonyeza chochote, na bado niliona usoni mwake kwamba alihisi amehusika. Lile swali langu la mwanzo, la kuitoa gemu mikononi mwa mchezaji, lilijibiwa na mama huyo. Tulikuwa tumemchekesha mara tano kwa kifo. Aliposhtuka, kicheko chake kilikuwa tayari ndani ya jambo lile.

Lazima niseme na juu ya mwisho. Katika gemu, mganga Emon anafika na askari, Wander amekuwa jitu la kivuli, anafyonzwa ndani ya kisima cha hekalu, na kinachobaki kisimani ni mtoto mchanga mwenye pembe. Mchekeshaji alitaka mtoto huyo awe sauti tu, kilio na mwanga. Mimi nilishikilia tuwe na mwanasesere, kitu kinachoonekana, ili maana isipotee. Nikamnunua soko la Jubilee, nikambandika pembe za udongo. Mono aliyefufuka alipomwinua, pembe moja ilidondoka na kugonga sakafu, na darasa likacheka. Kile ndicho kicheko pekee cha nusu ya pili kilichokuja mahali pasipotakiwa. Kilitoka kwangu, mtu wa makini.

Ninavyokiona kisa sasa

Tulipokuwa tunabishana siku ya kura, swali letu lilikuwa: je, mtu huyu ataweza kuacha kuchekesha? Ni swali baya, kwa sababu linampima mtu kwa kile atakachoacha. Ningekuwa na akili ya leo ningeuliza mambo mawili. La kwanza, anaiheshimu kazi hii kiasi gani akiwa peke yake? Alikuwa ameimaliza gemu ile mara tatu, mtu pekee kati yetu, na mimi niliyekuwa nikiilinda nilikuwa nimetazama tu wengine wakiicheza. La pili, umbo la kazi yenyewe linadai ujuzi gani? Gemu nyingine nzito ingedai kitu kingine. Ile yenye mazungumzo marefu na siasa za falme isingefaidika na mtu wa kurudia, na pengine hapo kura yangu ya hapana ingekuwa sahihi. Hii ilikuwa na umbo la mzaha unaorudiwa mpaka unakufa, na ikampata mwenyewe.

Hofu ya kukonyeza siifuti. Nimeiona ikiepukwa usiku mmoja na mtu mmoja aliyeipenda kazi. Sitasema kila mchekeshaji angeiepuka.

Kuna jambo dogo la jina ambalo binti wa nyatiti alituletea baadaye. Kwa Kijapani gemu haina neno kivuli katika jina lake. Ni Wander na jitu, basi. Kivuli kililetwa na walioipa gemu jina la Kiingereza. Mchekeshaji alilipenda sana neno hilo, kwa maana yeye tangu mwanzo alikuwa ameisoma gemu kwa jicho la Waluo wa Kano, kwa jicho la Lwanda Magere: shujaa wa mwili wa jiwe, ambaye mikuki haikumwingia, hadi mke aliyepewa na Lang'o, maadui wa watu wake, akagundua kwamba damu yake iko kivulini. Upanga unaotafuta mahali pa kuchoma kwa msaada wa mwanga, na mkuki unaochoma kivuli. Sasa anataka tuandike Magere, kisa kisicho na mwenye hakimiliki wa kuombwa ruhusa, na tukifanye mbele ya watu wote, kwa tiketi.

Nilimwambia fani yake ya kurudia haitafaa huko. Magere anakufa mara moja tu.

"Mwalimu," akasema, "kabla ya kivuli, alirushiwa mikuki mingapi ikadunda?"

Akainuka akanionyesha. Mkuki unakuja, unagonga kifua, unaanguka, Magere anaendelea kula. Wa pili, anautumia kuchokonoa meno. Nilikuwa nimeshaanza kucheka kabla ya wa tatu. Tumeanza kuandika. Mimi nimependekeza mikuki 11. Yeye anataka 19, na mama mtambaji yuko upande wake.